Mkataba, nadhiri au neno lako tu: utoe ahadi ya aina gani, na nani atakufungua ukikwama

"Kaka, wallahi mwezi ukiisha hela yako unayo." Hivo ndivyo mdogo wangu alivyoniambia siku alipokuja kuniomba nimkopeshe, tumekaa wawili sebuleni, simu yake ameishika anaizungusha zungusha mkononi, na mimi nikamtumia hela palepale bila karatasi bila shahidi kwasababu ni mdogo wangu na ameshamtaja Mungu, sasa nitadai nini zaidi ya hapo. Mwezi ukaisha. Wa pili nao ukaisha. Akaanza kutopokea simu, tukikutana kwenye shughuli za familia ananisalimia haraka haraka alafu anahamia upande wa pili, na mimi nikawa naumia zaidi kwa kukosa stori zake kuliko kwa ile hela.

Nimeifikiria hii ishu muda mrefu na nimekuja kuona kwamba tulikosea mapema sana, tulikosea siku ileile pale sebuleni, kwa kuchagua ahadi ya aina isiyofaa kwa kazi ile. Maana kuna ahadi ya sheria, kuna ahadi ya dini, na kuna ahadi ya kawaida ya mtu na mtu, na zote tunaziita ahadi, lakini hazifanyi kazi moja na zikivunjika hazivunjiki sawa. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na wengi tunaishia hapo. Lakini deni lina mdai. Sasa mdai wako ni nani, na ukishindwa kulipa nani ana uwezo wa kukuachia? Mimi hilo ndio swali ninaloanza nalo siku hizi kabla sijaahidi au sijakubali kuahidiwa, na nimelitumia kuzilinganisha hizi tatu hapa chini, labda na wewe litakusaidia kuchagua.

Kwanza sikiliza vitenzi vyenyewe, maana lugha imeshatufanyia nusu ya kazi. Ahadi unaitoa. Mkataba mnafunga. Nadhiri unaiweka, na ukiitimiza tunasema umeiondoa. Kiapo unakula. Ulichokitoa kimeshafika mkononi mwa mwenzio, ni chake. Mlichokifunga kinawabana wote wawili na kukifungua mnahitajiana. Ulichokiweka kipo pale kinakusubiri. Na ulichokila kiko ndani yako, unatembea nacho popote unapokwenda.

Ahadi ya sheria

Naanza na hii kwasababu ndio inaeleweka vibaya kuliko zote. Watu wanadhani sheria inalinda ahadi. Inalinda baadhi tu, na inachagua sana. Kwa nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza mahakama inataka kuona vitu kadhaa: mmoja ametoa pendekezo na mwingine amelikubali, wote wawili walikuwa na nia ya kufungwa kisheria, wana umri na akili timamu, hakuna aliyelazimishwa, jambo lenyewe ni halali, na kila upande umetoa kitu au umejinyima kitu kwa ajili ya mwenzake. Hapo kwenye kitu cha kubadilishana ndipo wengi wanapokwama. Mtu akikwambia nitakupa gari langu mwakani, wewe hujatoa chochote, mwakani akibadili mawazo huna kesi, isipokuwa kama aliiweka ahadi yake kwenye hati rasmi inayotambulika kisheria. Ujerumani nao wanafika karibu na hapohapo kwa njia nyingine, ahadi ya zawadi inatakiwa ipite kwa mthibitishaji wa hati ndio imfunge aliyeitoa, ingawa zawadi ikishakabidhiwa kweli basi imetoka.

Kuna kesi tatu ambazo nadhani kila mtu angezijua hata kama sio mwanasheria, maana zinaonyesha mpaka uko wapi.

Ya kwanza ni ya kampuni moja ya Uingereza, Carbolic Smoke Ball, ilitangaza magazetini kwamba atakayetumia kidude chao cha kuvuta dawa puani mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kisha akashikwa na homa ya mafua, watamlipa pauni 100, na wakaandika kabisa kwamba wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii. Mama mmoja, Bi Carlill, akatumia kama walivyoelekeza, akaugua, akadai. Kampuni ikasema aah lile lilikuwa tangazo tu la biashara. Mahakama ya Rufaa mwaka 1892 ikasema mlipe, mtu aliyeweka hela benki na akatangaza ameziweka hawezi kurudi nyuma akasema alikuwa anapiga porojo. Yaani ahadi kwa watu usiowajua kabisa inaweza kukufunga, ilimradi uliitoa kwa namna ya mtu anayemaanisha.

Ya pili inaenda kinyume. Balfour dhidi ya Balfour, 1919. Mume anafanya kazi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mke amebaki Uingereza kwa ushauri wa daktari, mume akaahidi atamtumia pauni 30 kila mwezi. Ndoa ikaharibika, mke akaenda mahakamani, akashindwa. Sababu waliyotoa ni kwamba mume na mke wakipangiana matumizi ya nyumbani hawakusudii kupelekana mahakamani. Mimi hii kesi inaniuma, kwasababu huyo mama aliishi kwa kuitegemea ile ahadi kuliko Bi Carlill alivyotegemea lile tangazo. Lakini inafundisha kitu: sheria inapoiona familia inachukulia kwamba mlikuwa mnaongea kama familia, na kama mlitaka iwe vingine ni juu yenu kuonyesha.

Ya tatu ni ya New York, 1891, na ninaipenda. Ami alimwambia kijana wa ndugu yake, usinywe pombe, usivute tumbaku, usitukane, usicheze karata wala biliadi kwa hela mpaka ufikishe miaka 21, nitakupa dola 5,000. Kijana akajizuia kweli. Ami akafariki kabla hajalipa na msimamizi wa mirathi akakataa, akasema kijana hakumpa ami yake chochote, tena amefaidika yeye mwenyewe kwa afya yake. Mahakama ikasema kujinyima kitu ambacho ulikuwa na haki ya kukifanya kunatosha. Kwahiyo hata ndani ya familia, ukiweka masharti wazi na mwenzio akayafuata, umefungwa.

Sasa twende kwenye swali langu, mdai ni nani na nani anakuachia. Kwenye sheria mdai ni yule mliyefunga naye, na yeye anaweza kukusamehe au mkabadilisha masharti kwa kukubaliana, na hata msamaha wenyewe una uzito wake: mwaka 1946 jaji Denning wa Uingereza alisema kwamba mwenye nyumba aliyepunguza kodi kwa nusu wakati wa vita, kwasababu nyumba zilikosa wapangaji, hawezi kugeuka baadaye akadai ile nusu aliyoisamehe kwa kipindi kile. Mazingira nayo yanaweza kukufungua. Ukumbi wa muziki uliokodishwa kwa matamasha uliungua kabla ya siku yenyewe bila kosa la mtu, na mwaka 1863 mahakama ikasema pande zote mbili zimefunguliwa, maana kitu chenyewe hakipo tena.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu. Ukimshtaki mtu kwa kuvunja mkataba, mara nyingi mahakama haimwambii akatimize, inamwambia akulipe fidia. Anaweza kuamriwa kutimiza kwa vitu visivyo na mbadala, mfano ardhi, lakini mtu aliyeahidi kukuimbia kwenye sherehe hawezi kulazimishwa kuimba. Na wewe uliyeumizwa unategemewa upunguze hasara yako, usikae tu unaangalia inakua. Alafu kuna muda, Uingereza kwa mkataba wa kawaida ni miaka 6, ukipita bila kushtaki umechelewa. Kwahiyo sheria inakupa kitu kizuri sana, kiasi kinachohesabika na mwisho unaojulikana, lakini haikurudishii ulichoahidiwa, na haimfanyi mtu ajutie. Haikuahidi hilo.

Ahadi ya dini

Hapa mambo yanabadilika kabisa, kwasababu mdai anajua ulichokuwa unawaza wakati unaongea. Mahakama inaangalia ulichosema na ulichotenda, nia yako inaikisia kutokana na hivyo viwili. Kwenye dini nia yenyewe ndio inapimwa.

Kwa Waislamu Qur'ani inasema wazi, timizeni mikataba, mwanzo kabisa wa sura ya 5, na sura ya 17 aya ya 34 inasema ahadi itaulizwa. Mtume alitaja alama tatu za mnafiki na moja ni kuvunja ahadi, nyingine ni kusema uongo na kusaliti amana. Lakini dini hiyohiyo imeweka mlango. Yale maneno ya mazoea, mtu kila sentensi wallahi wallahi bila kukusudia kuapa, hayahesabiwi kiapo. Kiapo ulichokikusudia ukikivunja kuna kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza anafunga siku tatu, iko sura ya 5 aya ya 89. Na ukiapa kufanya jambo kisha ukaona lingine ni bora zaidi, umeelekezwa ufanye lile bora na utoe kafara. Nadhiri nayo, ukiweka ya kumtii Mungu uitimize, ukiweka ya kumuasi usiitimize. Tena Mtume aliwakataza watu kukimbilia nadhiri, akasema haileti wala haizuii kitu, ila kwa nadhiri hutolewa mali kwa bakhili. Hilo neno lilinigusa kwasababu ni kweli tunavyofanya, tukibanwa ndio tunaanza kujadiliana bei na Mungu, niponye nami nitatoa.

Kwenye Biblia, Mhubiri sura ya 5 anashauri ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Na kuna stori ya Yeftha kwenye Waamuzi 11, hii nikiisoma huwa nanyamaza. Anaenda vitani, anamwahidi Mungu kwamba akirudi salama chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki atakitoa sadaka. Anarudi, anatoka binti yake wa pekee, na matari, anacheza. Mtu anasema siwezi kurudi nyuma nimeshafungua kinywa changu. Alafu Agano Jipya kuna Herode, Marko 6, ameapa mbele ya wageni kumpa msichana chochote hata nusu ya ufalme, akaombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji, akasikitika na bado akakitoa kwasababu ya viapo vyake na ya wale wageni waliokaa naye. Mimi naona hizi mbili zimewekwa pale kutuonyesha ahadi iliyotolewa bila kipimo inavyokula watu ambao hawakuahidi kitu chochote. Yesu kwenye Mathayo 5 akakata mzizi kabisa, msiape, ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo iwe siyo, na kuna Wakristo waliolichukua kama lilivyo, Waquaker waligoma kuapa mahakamani mpaka mwishoni mwa karne ya 17 bunge la Uingereza likawaruhusu wathibitishe tu kwa kauli badala ya kiapo. Hoja yao ilikuwa nzito: nikiapa leo kwamba nasema kweli, siku zisizo na kiapo nilikuwa nasema nini?

Wakatoliki wana utaratibu ulioandikwa, sheria za kanisa za mwaka 1983 zinasema nadhiri ni ahadi ya hiari iliyofikiriwa anayopewa Mungu juu ya jema linalowezekana na lililo bora zaidi. Ona hapo, linalowezekana. Na zinataja nani anaweza kukufungua kwa sababu ya haki. Kwenye Ubudha mtawa anayeona hawezi tena anatamka mbele ya mtu anayemuelewa kwamba anaacha, na ameacha. Wayahudi nao jioni inapoanza Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, wanasoma Kol Nidre, tamko la kufuta nadhiri.

Sasa shika hapa, kwangu ndio kiini cha ulinganisho wote. Nadhiri zinazofutwa na Kol Nidre ni zile za mtu na Mungu, hazigusi ulichomwahidi jirani yako, na mafundisho ya Kiyahudi yanasema kosa ulilomfanyia mwenzio halisamehewi na siku ile mpaka umridhishe mwenyewe. Sheria za Wakatoliki zinasema mtu anaweza kufunguliwa nadhiri ilimradi haki ya mtu mwingine isiumizwe. Na kwa Waislamu kuna haki ya Mungu na kuna haki za waja, yaani za watu, mpaka aliyekufa shahidi vitani kwa ajili ya dini anasamehewa kila kitu isipokuwa deni. Dini tatu, zinabishana mambo mengi, hapa zimesimama pamoja: Mungu anaweza kukuachia deni lake, la mwenzio atakuachia mwenzio.

Kwahiyo mtu anayesema mimi nimeshatubu, na wakati huohuo hela ya mtu anayo, bado anadaiwa. Na mdogo wangu kwa ile wallahi yake alijitengenezea madeni mawili, langu na la kiapo, na kila mwezi uliopita aliyaona yote mawili usoni kwangu. Nadhani ndio maana alikuwa ananikimbia. Asingeapa angekuwa ananiomba nimpe muda tu.

Neno la kawaida

Hii ndio tunaitoa mara nyingi kuliko zote, nitakupigia, nakuja, nitakusaidia kuhama, hutaniona nikivuta tena. Hakuna mahakama, hakuna kafara. Kuna watu wanaidharau kwa sababu hiyo, wanasema si maneno tu. Mimi naona ndio ngumu kuliko zote mbili, kwasababu hakuna mtu wa tatu wa kukukadiria. Hakuna jaji wa kusema lipa kiasi fulani yaishe, hakuna siku tatu za kufunga. Yupo yule mmoja uliyemwahidi, na anachopoteza hakihesabiki, anapoteza namna alivyokuwa anakusikia ukiongea.

Binti wa rafiki yangu ana miaka sita, aliambiwa na baba yake kwamba Jumamosi atakuja kumuona akiimba shuleni. Mtoto alikuwa hajui siku vizuri kwahiyo akawa anahesabu kwa kulala, baba bado kulala mara tatu, bado kulala mara mbili. Jumamosi baba akabanwa kazini, ukweli kabisa, bosi kampigia asubuhi, sio uongo. Jioni akarudi na zawadi. Mtoto akaipokea akasema asante, na wiki iliyofuata alipoambiwa kesho tutaenda kuogelea akauliza, "kweli au kama ile ya Jumamosi?" Rafiki yangu alinihadithia hii akiwa kwenye gari, akashindwa kuendelea. Zawadi ni fidia. Mahakamani ingetosha. Kwa mtoto haikuhusiana na kilichopotea.

Wanafalsafa nao wamehangaika na hili. Hume, karne ya 18, alisema ahadi ni kitu binadamu tulichokibuni ili tuweze kusaidiana hata kama hatupendani, leo nakulimia wewe kesho unanilimia mimi. Kant mwaka 1785 akatoa mfano unaofanana kabisa na wa sebuleni kwangu, mtu ana shida anataka kukopa, anajua hatalipa, anaahidi hivohivo ili apewe. Kant anasema hebu fikiria kila mwenye shida afanye hivo, hakuna mtu atakayeamini ahadi tena, na huo uongo wenyewe hautafanya kazi. Mdogo wangu hakuwa huyo, namjua, aliamini kabisa angelipa. Ndio maana lazima tutofautishe aliyeahidi akijua hatatimiza, aliyeahidi kwa matumaini bila kupiga hesabu, na aliyepiga hesabu vizuri akapatwa na jambo. Sheria inawatofautisha kidogo, ulaghai wa makusudi ni habari nyingine, lakini hao wawili wa mwisho mara nyingi inawaweka kapu moja. Dini inawatenganisha wote. Na sisi kwenye maisha ya kawaida tunajifunza kuwatenganisha kwa kuangalia kitu kimoja: alikwambia lini. Aliyekupigia kabla ya siku hajakuvunjia sawa na aliyekaa kimya mpaka wewe ukamtafuta.

Mfano wa Yesu wa wana wawili unakaa hapa pia, mmoja aliambiwa nenda shambani akasema siendi kisha akaenda, mwingine akasema naenda bwana, hakwenda. Tunawajua wote wawili, na tunajua tukiwa na shida usiku tunampigia yupi.

Pale zinapokutana

Ndoa ndio sehemu zote tatu zinakaa chumba kimoja. Serikali inaandikisha, dini inafungisha, kwa Waislamu ni mkataba wenye mahari na masharti, kwa Wakatoliki ni sakramenti, alafu kuna yale mliyoambiana wawili usiku mkiwa hamna shahidi. Uingereza zamani hata uchumba ulikuwa na kesi, ukimwahidi mtu kumuoa ukamwacha anakushtaki, mpaka sheria ya mwaka 1970 ikaifuta hiyo, kwasababu waliona ni bora mtu avunje uchumba kuliko aingie kwenye ndoa kwa kuogopa fidia. Ukiniuliza, kwenye ndoa nyingi zinazoumwa unakuta watu wanashika moja na kuachia zingine. Anasema cheti kipo, wakati lile neno la usiku lilishakufa. Au anategemea lile neno la usiku peke yake, na nyumba imeandikwa jina la mtu mmoja.

Ahadi za wanasiasa wakati wa kampeni nazo watu huniuliza ziko kundi gani, jibu ni fupi, kwa kawaida mahakama haitakusaidia, mdai ni mpiga kura na siku yake ya kudai ni siku ya kura.

Sasa uchague vipi

Ikiwa kuna hela ambayo ukiikosa utaumia, au kuna kazi ya miezi mingi, au kuna watu wengine watakaodaiwa ukifa, andika. Hata kama ni ndugu, hasa kama ni ndugu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyongeza yangu ni kwamba inapotea pamoja na ndugu mwenyewe. Karatasi haimaanishi humuamini, inamaanisha hutaki mkumbuke tofauti. Qur'ani yenyewe, sura ya 2 aya ya 282, inawaambia waumini wakikopeshana kwa muda waandike na waweke mashahidi, na ni aya ndefu kuliko zote kwenye kitabu kizima, kwahiyo mtu asikwambie kuandika ni kukosa imani.

Nadhiri na kiapo viache kwa yale ambayo kweli ni kati yako na Mungu. Kuacha kitu kinachokuharibu, kutoa sadaka, kusali. Na hata hapo weka kipimo, weka muda, usiseme sitafanya tena maisha yangu yote wakati unaweza kusema mwezi huu. Usimweke Mungu kuwa mdhamini wa biashara yako. Na wewe unayeahidiwa, mtu akianza kuapa ili umuamini, msimamishe kwa upole, mwambie usiape ndugu yangu, niambie tu tarehe gani na hela itatoka wapi. Utashangaa wangapi wanakaa kimya wakifikiria kwa mara ya kwanza.

Neno la kawaida litumie kwa vitu ambavyo karatasi ingeviharibu. Nitakuwepo hospitali, nitakusikiliza, siri yako haitatoka kwangu. Huwezi kumsainisha rafiki kwamba atakuja kukulilia. Lakini usilitoe kama chenji, kila mtu nitakuja nitakuja. Nimeanza kusema "sijui kama nitaweza, nitakujibu kesho saa fulani", mwanzoni watu walichukia, sasa hivi nikisema nakuja wanaacha mlango wazi.

Na usichanganye malipo. Uliyemuumiza kwa neno usimpe hela ukadhani yameisha. Unayemdai hela usikubali machozi badala yake kama unaihitaji kweli. Uliyemkosea Mungu usidhani kumwomba radhi rafiki kumemaliza, wala kinyume chake.

Mdogo wangu nilimfuata mwenyewe, nyumbani kwake, jioni. Nikamwambia kwanza ile wallahi yako hiyo ni yako na Mungu, mimi siidai, kamalizane naye. Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Alafu nikatoa karatasi, tukaandika nusu ukurasa, jumla, tarehe, kiasi kidogo kila mwezi ambacho alikipanga yeye mwenyewe sio mimi, na mstari mmoja chini ambao niliusisitiza kuliko yote: akikwama ananiambia kabla ya tarehe, na nikiambiwa kabla nakubali nusu. Tukasaini wote wawili, mke wake akawa shahidi.

Mwezi wa kwanza alilipa. Wa pili akalipa. Wa tatu meseji yake ikaingia siku mbili kabla, "kaka mwezi huu nusu, mtoto aliumwa." Nikamjibu sawa, mtoto anaendeleaje? Akanipigia palepale, tukaongea karibu saa nzima.